Nani Aliiambia Ikosee?

Tata yangu alinipigia simu jioni moja nikiwa hosteli, mwaka wangu wa pili chuoni, na bila kuuliza habari za masomo akasema, "Maitu, si wewe ndiye unasomea mambo ya miili? Niambie basi. Mtoto anazaliwaje na jicho moja?"

Ananiita maitu, yaani mama, kwa sababu mimi ni binti wa pili kwetu na nimebeba jina la cucu, mama yake mzazi. Kwetu ukipewa jina la mtu hupewi sauti tu ya kuitikia. Unapewa nafasi yake. Kwa hiyo mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, alikuwa ananiuliza mimi swali ambalo angemuuliza mama yake kama angekuwa hai.

Wiki mbili kabla ya simu hiyo alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, msichana. Mtoto aliishi chini ya saa moja. Sitaueleza uso wake zaidi ya tata alivyoueleza mwenyewe kwa maneno yale machache.

Nikamjibu. Muhula huo tulikuwa tumefundishwa jinsi kiinitete kinavyojijenga, na nilikuwa na daftari palepale kitandani. Nikamwambia kuna protini ambayo hutoa maagizo mtoto anapoumbwa tumboni, na ikikosekana au ikiwa na hitilafu uso haugawanyiki vizuri. Tulikuwa tunaongea Kikuyu, na kwa Kikuyu sikuwa na neno lingine isipokuwa hilo hilo, protini. Akanyamaza. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwani sikula maharagwe ya kutosha?"

Kliniki ndivyo walivyomfundisha: protini ni maharagwe, mayai, maziwa, omena. Nilitaka kumwondolea lawama na neno langu la kwanza likamrudishia lawama sahanini. Nikaharakisha kusahihisha. Nikasema si chakula, ni kitu ambacho mwili hutengeneza wenyewe, tata, hakuna ulichofanya, hakuna kabisa. Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Sawa. Sasa hiyo protini, nani aliiambia ikosee?"

Nilimwambia salio langu linaisha. Halikuwa linaisha.

Mwaka uliofuata niliacha chuo, kwa sababu ya karo, jambo ambalo halina falsafa yoyote ndani yake. Sasa najipatia riziki kwa kuandika: maelezo ya viatu vya mtandaoni, hotuba za harusi za watu wengine, na mara mojamoja makala kama hii. Lakini swali la tata nimetembea nalo miaka yote hii, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba jibu nililompa lilikuwa na kasoro mahali ambapo sikutarajia.

Nianze na protini yenyewe, maana inastahili. Mwaka 1980, huko Heidelberg, Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walichapisha matokeo ya kazi ya kuharibu jeni za nzi wadogo wa matunda, moja moja, na kutazama buu anatokeaje. Buu mmoja alitoka mfupi na amefunikwa vijimiba mwili mzima, ilhali kwa kawaida vijimiba hivyo hukaa kwa mistari yenye nafasi katikati. Wakaiita jeni hiyo kwa jina la kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba ambaye ukimgusa anajikunja kama mpira. (Kalunguyeye wetu wa Afrika Mashariki, kwa njia, ana vidole vinne tu katika miguu ya nyuma. Hakuna anayemwita mlemavu.) Wawili hao pamoja na Edward Lewis walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Mwaka 1993 maabara tatu zilitangaza kwamba jamaa za jeni hiyo ya nzi wapo katika kuku, panya na samaki. Mamalia tuna tatu. Mbili zilipewa majina ya aina za kalunguyeye, wa jangwani na wa India. Ya tatu iliitwa Sonic, yule wa buluu wa michezo ya video anayekimbia kama ameibiwa. Wanasayansi walicheka sana wakati huo. Baadaye madaktari wakalalamika, na unaweza kuona kwa nini: jaribu kukaa mbele ya mzazi na kumweleza kwamba mwanawe amefariki kwa sababu ya Sonic.

Inavyofanya kazi ni hivi. Seli chache mahali fulani kwenye kiinitete huitoa protini hii, nayo husambaa kwa jirani. Kama unaishi ploti unaelewa tayari. Mtu wa nyumba namba moja akikaanga vitunguu, wa namba mbili anajua ni vitunguu na anajua vimeanza kuungua. Wa namba sita anajua tu kwamba kuna mtu anapika. Wa ghorofa ya juu hana habari. Seli nazo hunusa hivyo. Aliyepata nyingi anakuwa kitu kimoja, aliyepata kidogo anakuwa kingine. Mkononi harufu hiyo hutoka upande wa kidole kidogo cha mwisho na kupungua kuelekea gumba. Watafiti wa Harvard walichukua seli zilizofanywa zitoe protini hiyo wakaziweka upande wa pili wa bawa changa la kifaranga, na bawa likaota vidole vya ziada vilivyotazamana na vile vya kwanza kama kwenye kioo. Chatu naye, sehemu ya jeni inayowasha protini hiyo miguuni imechakaa. Hiyo ni moja ya sababu hana miguu. Nzi, kuku, chatu, panya, tata yangu. Familia moja ya protini, inayosema karibu neno lile lile katika miili isiyofanana hata kidogo.

Na macho? Hapa ndipo niliposimama muda mrefu. Mwanzoni kabisa, eneo la kiinitete litakalokuwa macho ni moja. Si mawili. Ni uwanja mmoja, katikati. Protini hii, ikitokea kwenye mstari wa kati chini ya uwanja huo, ndiyo huugawa ukawa upande huu na upande huu. Hilo hutokea wiki ya tatu hadi ya nne hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi bado wanadhani wamechelewa tu. Maana yake ni kwamba mimi, wewe, na wote waliokuja matangani kunong'ona, tulianza na uwanja mmoja. Mtoto wa tata hakuongezewa kitu cha ajabu kutoka nje. Alibaki mahali ambapo sisi sote tulipita.

Ningelijua hilo siku ile ya simu ningelimwambia. Nadhani lingemsaidia kuliko protini.

Cucu wangu, yule niliyebeba jina lake, alikuwa na kovu dogo pembeni ya kila kidole cha mwisho. Alizaliwa na vidole sita kila mkono, na mkunga akavifunga uzi hadi vikanyauka vikaanguka. Si jambo adimu kwetu Waafrika. Uliza ukooni kwenu utampata mmoja. Baadhi ya vidole vya sita hutokana na hitilafu katika protini inayopokea ujumbe huu huu ndani ya seli. Nyumbani hadithi ya vidole vya cucu ilisimuliwa kwa kicheko. Guka alikuwa akisema alimwoa kwa sababu alikuja na akiba. Njia ile ile ya mawasiliano ikiyumba mkononi tunacheka na kufunga uzi. Ikiyumba usoni tunaita wazee.

Maana wazee waliitwa. Walitoka upande wa mume wake. Walimuuliza kama akiwa na mimba alimcheka mtu mlemavu. Walimuuliza kama alivuka kitu njiani. Mmoja aliuliza, kwa upole eti, kama kwao kuna historia. Na mama mkwe akatoa uamuzi ambao sijawahi kuusamehe ingawa naanza kuuelewa. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Mama mkwe alikataa jina lake lisipewe mtoto huyo. Kwa hiyo alizikwa bila jina, mwisho wa shamba, upande unaotazama Aberdare, na kwenye fomu paliandikwa tu mtoto wa fulani.

Mtu msomi wa Nairobi atasema hapa: ujinga. Mimi nilikuwa nasema hivyo pia. Kisha nikasoma kuhusu ghala la Waazande. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika mwaka 1937 juu ya Waazande wa kusini mwa Sudan. Kulikuwa na maghala ya nafaka yaliyosimama juu ya nguzo, na watu hukaa chini yake kujikinga na jua. Siku nyingine ghala huanguka na kuwaumiza walio chini. Waazande walijua fika kwamba mchwa hula nguzo. Walichouliza ni kitu kingine: kwa nini lianguke saa hiyo, wakati watu hawa, si wengine, wamekaa pale? Sisi tunajibu kwamba ni bahati mbaya, na kusema kweli hilo si jibu. Ni njia ya heshima ya kukataa swali.

Tata alikuwa ameelewa mchwa. Nilimweleza mchwa vizuri kabisa, hata nilijisikia mwalimu. Alichouliza ni kwa nini ghala lake.

Na ukidhani sayansi ikienda mbali zaidi itafika hapo, tazama hili. Mwaka 1996 hitilafu katika jeni ya Sonic ya binadamu ilipatikana katika familia zenye watoto wa namna hii. Katika familia hizo mtu anaweza kuwa na hitilafu ile ile, herufi ile ile iliyokosewa, na asionyeshe chochote isipokuwa jino moja la mbele, katikati, pale ambapo wengi wana mawili. Anazeeka, anatafuna miwa, anapigwa picha za harusi akitabasamu na jino lake. Mwanawe akairithi herufi hiyo hiyo akafa siku ya kuzaliwa. Kosa ni moja, na maisha ni mawili. Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika miaka ya 1970 juu ya bahati katika maadili, jinsi tunavyomhukumu mtu kwa matokeo ambayo hakuyashika mkononi mwake. Mifano yao ilikuwa ya madereva na wachoraji. Ningewapa huu wa jino.

Lakini kuna kitu kinachonikera zaidi. Waazande walipouliza nani, walitazama nje: jirani mwenye husuda, mtu mwenye kinyongo. Yule aliyeangukiwa na ghala alibaki kuwa aliyeangukiwa. Sisi, na Biblia zetu na simu zetu, ghala likimwangukia mwanamke tunamuuliza yeye alikuwa anafanya nini hapo chini. Sioni maendeleo yako wapi. Mwenye uchungu mkubwa zaidi ndiye anafanywa mshtakiwa wa kwanza, na sababu pekee ni kwamba alikuwa karibu zaidi na tukio. Lilitokea ndani yake.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa msimamo wangu ulikuwa rahisi: mama hana hatia kwa sababu mama hakusababisha. Niliutetea hata kwenye matatu ya kutoka Nyeri, nikibishana na mzee mmoja aliyesema kondoo wake alizaa mwanakondoo mwenye jicho moja kwa sababu jirani alimtazama vibaya. Kieni tunafuga kondoo sana, kwa hiyo hadithi hizo hazikosekani.

Ni kondoo walionivunja. Katika miaka ya 1950, wafugaji wa milima ya Idaho, Marekani, walikuwa wakipata wanakondoo wenye jicho moja katikati ya paji. Mwanzoni ilidhaniwa ni urithi, yaani kundi lina damu mbaya. Watafiti wa serikali wakafuatilia kondoo malishoni kwa misimu, na wakapata mmea wa porini wa jamii ya Veratrum. Kondoo jike akiula siku ya 14 hivi ya mimba, mwana anazaliwa hivyo. Yeye mwenyewe haonyeshi kuumwa sana. Kemikali ya mmea huo ikaitwa saiklopamini, na miaka ya 1990 ikajulikana kwamba inaziba njia ile ile, ya protini ile ile. Leo kuna dawa ya saratani fulani ya ngozi, vismodegib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, ambayo hufanya kazi kwa kuziba njia hiyo, na mama mjamzito hapaswi kuikaribia.

Unaona tatizo. Yule kondoo alisababisha. Alikula. Kama asingekula, mwanawe angekuwa na macho mawili. Ile hoja yangu nzuri ya matatu, kwamba mama huwa nje ya mnyororo wa sababu, si kweli siku zote. Kuna vileo, kuna dawa, kuna maradhi ya mama. Nilimwambia tata hakuna ulichofanya, hakuna kabisa, na nilisema hivyo bila kujua. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nina daftari, na nilitaka aache kulia.

(Na niseme kidogo juu ya namna tulivyojua. Kondoo wengine walilishwa mmea huo makusudi, ili kuhakikisha. Mwaka 1996 panya walitengenezwa bila jeni ya Sonic, wakaumbwa na jicho moja, au kitu kama jicho, maabara. Faraja niliyompa tata kwa simu ililipiwa na mama wengine ambao walifanyiwa kwa hiari ya mtu lile ambalo kwake lilikuwa ajali. Ningefanya nini na wazo hili sijui, ila sipendi kulificha.)

Basi kama siwezi kusema mama hakusababisha, nabaki na nini? Nimebaki na kondoo. Mwite aliyesababisha, na hutakosea. Jaribu sasa kumwita mwenye hatia. Haiwezekani, neno linateleza. Alikuwa mlimani, alikuwa na njaa, majani yalikuwa mabichi. Ili awe na hatia ilibidi ajue, na aweze kufanya vingine, na asijali. Tunalikubali hilo haraka kwa kondoo. Kwa binadamu tunafanya hesabu nyingine: tunaona kamba inayomuunganisha mwanamke na tukio, na hatuulizi alijua nini wakati huo, kamba yenyewe inatutosha kumfungia. Wazee walifanya hivyo. Lakini na mimi nilifanya hivyo, kwa upande wa pili. Nilipoona lazima niikate kamba ndipo tata awe salama, nilikuwa nimekubaliana na wazee kwamba kamba ikiwepo, ana kesi.

Haya yote yangebaki kuwa falsafa ya mtu aliyeacha chuo, kama tata asingepimwa sukari. Ni juzi tu, mwaka jana, aliumwa akaenda kupimwa na wakamwambia ana kisukari, na kwa dalili alizoeleza huenda alikuwa nacho muda mrefu. Amepata kijana mmoja katikati, mzima, mtundu, sasa yuko darasa la pili. Sasa kisukari cha mama kilichokuwepo kabla ya mimba ni mojawapo ya mambo yanayojulikana kuongeza hatari ya hali ile ya uso na ubongo. Huongeza tu. Akina mama wengi mno wenye kisukari huzaa watoto wazima. Lakini huongeza.

Nilikuwa nimekwenda kumwona Mweiga. Ilikuwa ile baridi ya Julai ambapo Aberdare haionekani siku tatu mfululizo na kila mtu anaongea akiwa ameshika kikombe. Alikuwa ananimenyea viazi. Kijana alikuwa nje anafukuza kondoo ambaye hakuwa amefanya lolote. Tata akaniuliza bila kuinua macho, "Maitu. Ni sukari?"

Hakufafanua na hakukuwa na haja. Nadhani alikuwa amesoma kwenye simu. Siku hizi kila mtu ana simu, na simu haisemi salio linaisha.

Nilikuwa na lile jibu la zamani mdomoni, tayari. Hakuna ulichofanya. Ni jibu zuri, limezoeleka, na angelikubali kwa sababu ananipenda. Nikasema, "Inawezekana, tata. Haijulikani. Lakini inawezekana. Na hukujua."

Kisu kikaendelea kidogo, kikasimama. Nilidhani nimemuua. Kisha akasema, "Sikujua," si kama mtu anayejitetea, kama mtu anayeangalia kitu alichokipata chini ya kitanda. Akasema tena, "Nilikuwa nakojoa kila saa, nikadhani ni mimba."

Nikamwambia kuhusu kondoo wa Idaho. Sikupanga. Nikamweleza milima na mmea na siku ya 14, na jinsi wenyewe walidhani ni damu mbaya ya kundi. Alisikiliza kwa makini ya mfugaji. Aliuliza mmea huo unafananaje na kama uko huku. Nikasema hapana, huo ni wa kwao. Akauliza hao kondoo walifanyiwa nini baadaye. Nikasema wafugaji waliambiwa wasiwapeleke malisho yale siku zile za mwanzo za mimba, basi. Akatikisa kichwa akisema, "Basi."

Viazi vilipoiva alimwita kijana aje kunawa. Akiwa anasubiri, akaniambia kwamba yule wa kwanza ana jina. Alimpa mwenyewe, usiku ule ule, kabla wazee hawajaitwa. Humwita akienda kule mwisho wa shamba kukata nyasi za ng'ombe. Nikamuuliza ni lipi.

"Si lako kulijua," akasema, akanisogezea sahani.

Najua kwa desturi yetu ni majina gani yalibaki, baada ya lile la mama mkwe kukataliwa. Linalofuata ni la mama wa mama. Sikuuliza tena.